Maji Mlangoni kwa Mama Kafedha

Tangu maji ya masika ya mwaka jana yaingie nyumbani kwake, Mama Kafedha hakuwa ameitikia shikamoo ya Kioko hata mara moja.

Kila asubuhi kijana wa watu alipita Mtopanga na mkokoteni wake, akasimama mbele ya kibanda cha cherehani, akavua kofia na kusema, "Shikamoo, mama." Na kila asubuhi Mama Kafedha aliinamia kitambaa chake na kuikanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka. Kioko alisubiri kidogo, akavaa kofia yake, akaenda zake. Kesho yake akarudi tena. Wapo waliosema kijana ana subira, na wapo waliosema hana haya. Kafedha, bintiye, kazi yake ilikuwa kutia vifungo palepale mlangoni. Ila siku hizo vifungo vilishonwa kombo, na wateja walivirudisha.

Jamani, kunyimwa marahaba huku Pwani si jambo la kuchekea. Mtu akikunyima chai, utakunywa kwenu. Akikunyima marahaba mbele ya majirani, amewatangazia kwamba wewe kwake ni hewa tu.

Na kisa chenyewe kilikuwa cha kusikitisha, kwa sababu Kioko hakukosea kwa uvivu. Alikosea kwa bidii. Yeye na vijana wenzake wa Mjambere, kule juu mteremko unakoanzia, walikuwa wameunda kikundi cha kuokota plastiki. Waliokota kila kichochoro, kila shimo, kila ua wa nyuma. Chupa walizijaza magunia, na magunia wakayapanga vizuri kwenye ukingo wa mtaro yangojee lori. Mvua ikafika kabla ya lori. Magunia yote yalisombwa na mtaro, yakateremka hadi Mtopanga, yakaziba kalvati iliyo mbele ya nyumba ya Mama Kafedha. Maji yalipokosa njia, yalipita mlangoni. Yaliharibu magauni ya harusi ya wateja, yaliharibu unga na godoro, na yaliilowesha ile picha ya marehemu baba yake Kafedha iliyokuwa imeegemezwa chini ikisubiri msumari. Ndiyo picha pekee aliyopigwa akicheka. Sasa ilikuwa imebaki nusu ya uso.

Kwa hiyo Kioko alipotuma salamu kwamba angependa kuja na wazee wake kutoka Machakos, wazungumze mambo ya Kafedha, Mama alicheka kicheko kisicho na furaha. Alimjibu kupitia jirani yake Mwanarehema.

"Mwambie huyo kijana, siku maji ya masika yatakapopita mlangoni kwangu bila taka zao, ndiyo siku nitakapoketi na wazee wake. Yakija na taka hata kidogo, nampelekea Randu salamu Miritini aje achukue mchumba wake."

Randu alikuwa mtu mpole aliyefiwa na mkewe, mwenye kazi ya kudumu na nyumba mpya karibu na stesheni ya reli. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa moja: hakuwa Kioko.

Kafedha alilia, kisha akafuta machozi akaingia kazini. Ni yeye aliyewaleta pamoja kina mama wa Mtopanga na vijana wa Mjambere, watu waliokuwa wakitukanana kila mvua ikinyesha. Kikao cha kwanza, katika ukumbi wa kanisa, kilikuwa karibu kivunjike. Mama Kafedha, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kina mama, ilimbidi ahudhurie, lakini hakumsemesha Kioko. Kioko ameketi kiti cha tatu kutoka kwake, yeye anasema, "Mwanarehema, hebu mwambie huyo apunguze maneno." Na Mwanarehema, masikini, anageuka kulia, anageuka kushoto, shingo inamuuma. Hata hivyo kazi ikaanza. Griffin, mchomeleaji wa Mjambere, aliunganisha nondo kuukuu zikawa wavu mkubwa wa chuma, wakausimamisha mtaroni kule juu wakauita chekeche. Kina mama waliwafundisha watu wa mteremko mzima kuweka chupa zao kando badala ya kuzitupa. Ghala la magunia lilijengwa mbali na mtaro, juu ya matofali. Na ikakubaliwa kwamba mvua kubwa ikinyesha, vijana watakuwa palepale kwenye chekeche na reki mkononi, wakizoa kila kinachonasa.

Sasa ilikuwa zamu ya mbingu kuamua.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mvua ya kwanza ya masika ilianza kwa matone mazito, halafu ikaachilia yote kwa pamoja.

"Kafedha!"

"Abee, mama."

"Nitolee kiti."

"Mvua inarusha hapo mlangoni, utalowa."

"Nimekwambia nitolee kiti. Nataka kuyaona yakija."

Kafedha alitoa kiti. Mama alikaa, akakunja mikono, akayatazama maji ya mtaro kama mtu anayemsubiri mdeni wake. Mwanarehema naye akavuka mbio kutoka kwake, dera limemganda mwilini, akajibanza ukutani.

"Na wewe umefuata nini huku na mvua hii?" Mama alimuuliza.

"Nimekuja kutazama, shoga. Mtaa mzima unatazama. Angalia madirisha yale, wallahi hakuna pazia lililofungwa."

Kafedha alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Alijua kwamba dakika hiyo hiyo Kioko alikuwa amesimama kwenye maji kule juu. Alitamani kwenda. Mama alikuwa amemkataza.

"Mama," alisema taratibu, "kwani kweli ungempelekea Randu salamu?"

"Randu ni mtu mzima. Ana kazi. Ana nyumba ya mawe yenye vigae."

"Sijakataa, nyumba anayo. Lakini mimi siolewi na nyumba, mama."

"Na huyo wako ana nini?"

"Ana mkokoteni," Mwanarehema akadakia, akajicheka mwenyewe.

"Mwanarehema, kaa kimya. Nazungumza na mwanangu." Mama aligeuka, na sauti yake ikashuka. "Kafedha, mimi nimeolewa na mwanamume niliyempenda. Sikatai mapenzi. Lakini mapenzi ya mtu asiyeangalia mbele yatakutia shida. Baba yako alikuwa haachi kitu mlangoni bila kufikiria nani atajikwaa. Huyu aliacha magunia kwenye mtaro, mwanangu. Kwenye mtaro, masika yanakuja!"

"Alikosea. Si ameomba radhi?"

"Ameomba."

"Si alikuletea na leso?"

Mama aliugeukia mtaro tena. Ni kweli, wiki ile ya mafuriko Kioko alikuwa amemletea leso, doti nzima ya vipande viwili haijakatwa, nyekundu yenye pindo la kahawia, akaiweka mezani bila kusema neno na kuondoka. Mama hakuirudisha, lakini hakuikata wala kuipinda. Aliitupa juu ya kabati ikiwa bado kwenye karatasi yake, na huko ndiko ilikokuwa hadi siku hiyo.

"Yanakuja!" Mwanarehema alipiga ukelele.

Maji yalikuja kweli. Kwanza matope, kisha majani ya mkorosho, kisha vijiti. Wanawake watatu wakainama pamoja kutazama. Hakuna chupa. Yakazidi, yakafika nusu ya mtaro, yakawa na povu. Hakuna chupa. Kafedha alianza kutabasamu, akaziba mdomo. Hapo kikatokea kitu cha bluu kinayumbayumba, na tabasamu likamkauka.

"Nini kile?" Mama alisimama.

Kilikuwa kandambili.

"Taka yao hiyo!" Mama alisema. "Mnaiona? Si nilisema?"

"Ngoja, ngoja." Mwanarehema alikuwa ameshaingiza mkono majini. Alilitoa lile kandambili, akaligeuza, uso ukambadilika. "Ah. Hili ni la mjukuu wangu. Nimemshonea mkanda mwenyewe kwa uzi mweusi, huu hapa. Ameliacha pale kwenye daraja, huyo mtoto nitamla nyama."

"Una hakika?"

"Wallahi vile. Hili la Mtopanga hili, usiwasingizie watu wa Mjambere."

Kafedha alicheka mpaka akashika mlango. Hata Mama midomo ilimcheza, ila aliirudisha mahali pake upesi na kuketi tena.

Wakaendelea kutazama. Mvua ilizidi, mabati yakapiga kelele hata wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti. Lakini baada ya muda Mama aliinua kichwa. Alitazama mbingu, akatazama mtaro, akatazama tena mbingu.

"Mbona yanapungua?" aliuliza.

Kweli, maji yalikuwa yameshuka. Mvua inanyesha kwa hasira, na mtaro unakauka.

"Si ndiyo vizuri?" Mwanarehema akasema.

"Vizuri wapi? Hayo maji yameenda wapi?"

Simu ya Kafedha ikalia. Alipoona jina, akaipokea upesi. Kelele za mabati hazikumruhusu kusikia, ikabidi afungue spika, na sauti ya Kioko ikatoka pale mlangoni mbele ya wote watatu.

"Kafedha? Unanisikia? Kuna nailoni kubwa imeletwa na maji, ile nyeusi ya kufunikia saruji kwenye ujenzi. Imejibandika kwenye chekeche lote. Tumevuta tumeshindwa. Maji yanarudi nyuma, yameshaingia uani kwa Emmaculate, na ana mtoto mchanga. Sina njia. Itabidi ninyanyue chekeche."

"Ukilinyanyua, kila kilichonasa kitateremka huku!"

"Najua."

"Kioko, unajua mama alisema nini. Unajua siku ya leo ni siku gani."

Walisikia watu wakipiga kelele nyuma yake, na maji.

"Najua, mpenzi wangu. Hakuna siku imepita sijaifikiria leo. Lakini siwezi kusimama hapa nikilinda harusi yangu na mtoto wa mtu yuko majini." Sauti yake ilikatika, akakohoa. "Sikia. Mwambie mama apandishe cherehani juu ya meza. Nguo za wateja muweke kwa Mwanarehema, kwake ni juu. Lakini kwanza kabisa, mwambie aitoe picha ya mzee ukutani. Hiyo kwanza, Kafedha. Nitangoja mpaka uniambie mmeitoa, kisha ndio ninyanyue."

Machozi yalimtoka Kafedha bila kuomba ruhusa. Hakuthubutu kumtazama mama yake. Aliona tu miguu yake ikisimama kutoka kwenye kiti.

"Mwambie asinyanyue," Mama alisema.

"Mama?"

"Umesikia. Mwambie asinyanyue bado. Yule mwenye mtoto na apande kwa jirani wa juu. Mwambie tunakuja."

Mama aliingia ndani. Kafedha alimwona akisimama mbele ya ile picha yenye nusu ya uso, akaigusa fremu kwa kidole, akaiacha palepale. Kisha akapanda kwenye stuli, akanyoosha mkono juu ya kabati, akaishusha leso ya Kioko, akaichana karatasi yake.

"Mama, unafanya nini na hiyo?"

"Leso mpya haikatiki upesi. Na wewe chukua zile mbili za kwako. Mwanarehema!"

"Nipo!"

"Leta zako zote."

Akatoka kwenye mvua, mwanamke wa makamo asiyependa hata umande, akasimama katikati ya njia na kupaza sauti ambayo Kafedha hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mama yake.

"Mweria! Mweria, jamani! Mweria!"

Huko kwao Kaloleni, alipokuwa msichana, neno hilo likiitwa hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Ulichukua jembe ukaenda, kwa kuwa siku nyingine lingeitwa kwa ajili yako. Mtopanga haina mashamba siku hizi, lakini milango ilifunguka. Alitoka mama muuza viazi na reki yake. Walitoka mabinti wa saluni, nywele za mmoja zimesukwa nusu. Walitoka wenye madera, wenye sketi, wenye mabuibui wameyapandisha magotini, na wote wakaukwea mteremko wakimfuata Mama Kafedha.

Kule juu hali ilikuwa mbaya. Mtaro ulikuwa umejaa hadi kingo, na maji yalikuwa yametanda kwenye ua wa Emmaculate. Yeye mwenyewe alikuwa dirishani kwa jirani wa juu, amembeba mtoto, anamlilia Kioko.

"Unangoja nini? Nyanyua! Vitu vyangu vyote vinaenda!"

"Wanakuja, dada, nivumilie kidogo," Kioko alijibu. Alikuwa majini hadi kifuani, ameshika nondo za chekeche, na Griffin na mwenzao wa kikundi, Wairimu, walikuwa wakivuta ile nailoni kwa mbele bila mafanikio.

"Nani anakuja? Wale wa Mtopanga? Wale wanawake wanatuchukia!"

Ndipo Kioko alipogeuza kichwa na kuona leso za kila rangi zikipanda mteremko. Mbele kabisa alikuwa Mama Kafedha, na nyuma yake Kafedha, nywele zimemlowa, anahema. Macho yao yalikutana juu ya yale maji machafu. Kwa muda huo mfupi Kafedha alimwona mwanamume wake jinsi alivyo, ametapakaa matope hadi masikioni, ana jeraha kwenye bega, na alijua kwamba hakuna nyumba ya vigae duniani itakayomtoa kwake.

Mama alifika ukingoni, akaukagua mtaro kwa jicho la fundi anayetafuta mshono ulikoanza kuachia.

"Kafedha, mwambie huyo aache kuvuta kwa mbele. Maji yanaisukuma nailoni, hatayaweza. Aivute kwa ubavu, ianze kuchomoka kwenye kona."

Kioko alikuwa umbali wa kunyoosha mkono.

"Kioko," Kafedha akasema, "mama anasema—"

"Nimesikia. Lakini kona iko chini, na hatuna kamba ya kuifunga."

Mama alikuwa ameshaanza kuisokota ile leso nyekundu. Kina mama wakamwiga bila kuambiwa, wakasokota, wakaunga kwa mafundo, na punde ikapatikana kamba nene ya rangi rangi inayofika hadi nyumba ya pili. Ncha ya mbele ilikuwa leso ya Kioko.

"Mwambie azame akaitafute kona," Mama akasema.

Kioko hakungoja kuambiwa. Alivuta pumzi, akazama.

Maji yakafunga pale alipokuwa. Kofia yake iliibuka peke yake, ikazunguka, ikaenda zake. Kafedha aliwatazama wote, na wote walikuwa wakitazama mahali pamoja. Griffin alizama nusu akarudi. "Simwoni," alisema.

"Kioko!"

Ukelele huo haukutoka kwa Kafedha. Ulitoka kwa mama yake, aliyekuwa amepiga magoti ukingoni, mkono mmoja majini. "Kioko! Wee Kioko! Toka huko, mwanangu, iache nailoni, toka!"

Kichwa kikaibuka, kinatema maji.

"Naam, mama!"

Mwanarehema alimfinya mkono Kafedha hadi ukamuuma. Mama alikuwa amemsemesha, tena kwa jina lake, watu wote wakisikia. Mwenyewe aligundua alichofanya, akakunja uso.

"Umeipata kona au umekwenda kuoga?"

"Nimeishika hapa, mama. Nipe leso."

"Shika!" Alimrushia. "Na ukaze fundo. Usinifungie fundo la kitoto."

Kioko akafunga. Griffin akalijaribu, akainua dole gumba. Halafu watu wote wakaikamata ile kamba ya leso, mama wa Mtopanga kijana wa Mjambere, mama kijana, mama kijana, miguu imekita kwenye tope. Mama Kafedha akaanza wimbo wa kulimia wa kwao, ule wa sauti moja inayoita na nyingi zinazoitikia. Vijana wa bara hawakuyajua maneno, lakini kuvuta pamoja wanakujua, na walipofika kwenye kiitikio waliitikia kwa nguvu kuliko wenye wimbo.

"Hata kwetu Ukambani tunavuta hivi hivi!" Kioko alipiga kelele kutoka majini, akiisukuma nailoni kwa bega lake zima.

"Usiongee! Sukuma!" Mama akamjibu.

Vuta. Nailoni ikagoma. Vuta. Kona ikanyanyuka kidogo, maji yakapiga mluzi. Vuta tena, na mara ile nailoni yote ikaachia, ikachomoka, na watu wakaanguka chali kwenye matope, mmoja juu ya mwingine. Maji yaliyokuwa yamekwama yakapita kwa kishindo kwenye nondo, na chekeche likabaki limesimama, limejaa chupa na vifuniko na makopo hadi juu, halikuachia hata kimoja.

Ukelele uliopigwa pale, nadhani hata Likoni ulisikika! Emmaculate alikuwa anashangilia dirishani huku analia, akimwinua mtoto wake aone. Maji yalikuwa yanatoka uani mwake upesi upesi. Griffin alikuwa amemkumbatia mama muuza viazi, na hakuna aliyejua aliyeanza.

"Bado!" Mama Kafedha alijiinua, matope hadi kwenye kilemba. "Reki! Zoeni kabla hazijajaa tena! Na gunia likijaa liende ghalani saa hiyo hiyo, mnasikia? Sitaki kuona gunia ukingoni!"

"Halibaki hata moja, mama," Kioko alisema.

Na halikubaki. Magunia yalipandishwa ghalani moja moja, mtu huku na mtu huku. Gunia la mwisho lilipoinuliwa, Kioko aliinama kushika upande wake, akainua macho kuona nani kashika upande wa pili. Alikuwa Kafedha. Walilibeba polepole kuliko lilivyokuwa zito.

"Nilidhani nimekupoteza," Kafedha alinong'ona. "Ulipozama nilidhani basi."

"Ningekufaje kabla sijaitikiwa shikamoo?"

"Usinichekeshe, naweza kuliangusha."

"Kafedha."

"Mmh?"

"Hata kama angesema hapana leo, ningepita tena kesho."

Kafedha alilishika gunia vizuri. Alimtazama tu, na mvua ikamsaidia kuficha machozi yake.

Mvua ilipokuwa inapungua, waliteremka wote kwenda Mtopanga, vijana na kina mama, kwa kuwa kila mtu alitaka kujionea. Mama Kafedha alikaa kwenye kiti chake kilicholowa palepale mlangoni. Maji ya masika yalikuwa yanapita mbele yake, mengi, ya kahawia, yana majani na vijiti. Yalizama kwenye kalvati yakatokea upande wa pili bila kusita. Watu walisimama pande zote za mtaro wakitazama kana kwamba ni harusi inapita.

Kioko alisimama mbele ya mlango, anatetemeka kwa baridi, anayatazama maji. Alikuwa amechoka hadi akili imesimama. Hakusema kitu.

Mama alimsubiri. Akaikunjua ile leso nyekundu iliyokuwa magotini mwake, imejaa tope, akaikamua. Akasubiri tena. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Wewe."

"Naam, mama."

"Tangu asubuhi hujaniamkia."

Kioko alimtazama kama asiyeelewa.

"Mwaka mzima unanisimamia hapa kila siku na shikamoo zako, hata nikiwa na vidole kwenye sindano. Leo ndiyo umeona mimi si mkubwa wako?"

Kioko akapeleka mkono kichwani avue kofia, akakumbuka kwamba ilikwenda na maji. Akauacha mkono palepale.

"Shikamoo, mama."

Mama aliitazama picha ya mumewe ukutani, ile nusu iliyokuwa bado inacheka. Kisha akamgeukia kijana.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Mwanarehema ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na cha pili, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusikia ni nani anapiga. Mama aliinua mkono wanyamaze.

"Sijamaliza. Wazee wako waambie waje. Mnazi wa kunywa nautaka, maana ndio desturi ya kwetu, lakini uje kwenye kibuyu. Nikiuona kwenye mtungi wa plastiki nawarudisha Machakos na kiu yao. Na leso hii ikikauka nitaikata na kuipinda, kipande changu na kipande cha mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Midomo ya Kioko ilikuwa inatetemeka, na safari hii si baridi. "Shikamoo, mama."

"Si nimeshakuitikia?"

"Najua, mama. Nilitaka kuisikia tena."

"Marahaba, marahaba!" Mama alicheka, na wengi pale hawakukumbuka mara ya mwisho kusikia kicheko kile. "Haya, ingia ndani unywe chai ya moto. Utasimama hapo mlangoni hadi lini, upate homa? Kafedha, mpishe mwenzio!"

Kafedha alisogea kando ya mlango, ule ule mlango uliopitisha maji mwaka jana, na Kioko akavua viatu vyake vyenye matope, akaviweka vizuri pembeni mahali ambapo hakuna atakayejikwaa, akaingia.